Hongera kwa Mafundi wa Katwe

Wanaostahiki kusifiwa katika mji wa Kampala ni wengi, lakini mimi huwatanguliza mafundi wa Katwe, ambao, akiwajia mwenye pikapu kongwe ya Land Rover, iliyofungwa ringi zake kwa bolti 5 juu ya duara la kipenyo cha milimita 165.1, naye ana shauku ya kuivisha ringi za Toyota Hilux, zenye bolti 6 na duara la milimita 139.7, hawamwambii kuwa hilo ni muhali.

Hukereza bamba nene la chuma, lifungwalo kwenye habu ya asili na kupachikwa bolti mpya. Hesabu yake ni ya kale: bikari iliyofunguliwa kwa nusu ya kipenyo hulizunguka duara kwa hatua 6 kamili, ilhali zile 5 hudai nyuzi 72 kwa kila hatua.

Adhimu kuliko yote ni kitovu. Bamba likienda upande, hata kwa unywele, gari hutetemeka na bolti huchoka hata zikakatika. Kwa hiyo fundi mwaminifu hupima, akarudia kupima, wala hatii keekee mpaka nafsi yake itosheke.