Nani Hulipa Kodi ya Mji? Gharama ya Uhamiaji katika Riwaya kwa Kipimo cha Sindo

Utangulizi

Safari ya kijana kutoka shamba kwenda mjini ni miongoni mwa visa vilivyotumiwa mno katika riwaya ya Kiswahili tangu Uhuru. Kijana huondoka na matumaini, hupokewa na dhiki, huuza nguvu zake au mwili wake, na aghalabu hurudi alikotoka, ama akiwa hai na mwenye majuto, ama akiwa maiti. Uhakiki nao umezoea kukisoma kisa hiki kama mgongano wa ukale na usasa, au wa maadili na upotovu. Kwa usomaji huo, mji umekuwa jaa la uovu na kijiji kisima cha utu.

Makala haya yanadai kwamba usomaji wa aina hiyo umeacha swali moja la msingi bila jibu: nani hulipa? Riwaya nyingi zimepiga hesabu ya mji kwa makini, zikataja kodi ya chumba, nauli, njaa ya siku za kusaka kazi, na thamani ya mwili wa mwanamke. Lakini kijiji zimekiacha bila bei, kana kwamba mtu akirudi kwao huingia mahali ambapo chakula, maji na heshima hupatikana bure. Ili kulidhihirisha pengo hili, mjadala utazipima riwaya chache teule kwa hali ya mahali mahususi, yaani Sindo, mji mdogo ulio kando ya Ziwa Victoria katika Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, ambako vijana wengi huondoka kwenda Kisumu, Nairobi na Mombasa.

Kijiji kisicho na bei

Mfano wa awali wenye nguvu ni Utubora Mkulima ya Shaaban Robert (1968). Utubora, karani wa tajiri wa mjini, anaacha mshahara wake na kwenda Busutamu kulima. Mwandishi anautukuza mkono unaoshika jembe, na ni haki kumsifu kwa kuipa kazi ya shamba heshima ambayo elimu ya kikoloni iliinyima. Hata hivyo, Utubora anafika Busutamu akiwa mtu aliyekwisha kuonja mshahara. Uhuru wake wa kulichagua jembe una historia ya fedha nyuma yake. Mkazo wa riwaya hauangukii mkulima ambaye hakuwahi kuajiriwa, ambaye kwake jembe halikuwa uchaguzi.

Shida ya Ndyanao Balisidya (1975) inakaribia zaidi maisha ya wahamiaji wa kawaida. Vijana wake, Chonya na Matika, wanaikimbia dhiki ya kijijini na kuangukia dhiki ya Dar es Salaam. Ubora wa riwaya hii uko katika ukweli wa kwamba shida haianzi mjini. Tayari iko nyumbani, nayo ndiyo inayomsukuma kijana barabarani. Lakini riwaya iliandikwa katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, na mkondo wake unarudi shambani, katika maisha ya pamoja, kama kwenye jibu. Swali lililomtoa kijana nyumbani, yaani namna ya kupata fedha mahali ambapo fedha ni haba, halipewi uzito ule lililokuwa nao mwanzoni.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) nayo inamfuata Maimuna, binti aliyefungiwa nyumbani na baba mwenye mabavu, hadi katika maisha ya danguro na ulevi, kisha inamrudisha. Hapa nyumbani hapasifiwi. Ukatili wa baba ndio chanzo cha maangamizi. Ila urejeo ungali ndio umbo linalofunga kisa, na gharama yake kwa wale wanaompokea Maimuna haiwi sehemu ya hoja.

Kutokana na mifano hii, yaelekea kwamba kinachotofautiana kati ya mwandishi mmoja na mwingine ni hukumu yake juu ya kijiji kimaadili. Katika jambo la uchumi, wote watatu wanakaribiana: mji ndio wenye bei.

Kipimo cha Sindo

Msomaji wa Sindo hawezi kulikubali wazo hilo kwa urahisi, maana kijiji anachokijua kina bei tangu alfajiri. Wavuvi wa omena hutoka usiku na taa, na mwezi ukiwa mpevu mapato hupungua kwa kuwa omena hawaufuati mwanga wa taa inavyotakiwa. Asubuhi samaki hupimwa, huuzwa, huanikwa na kuuzwa tena. Mahindi na omena hununuliwa kwa gorogoro, na gorogoro hulipiwa taslimu. Mvuvi asiye na mtumbwi, nyavu wala taa zake mwenyewe huvua kwa vyombo vya mwingine, na mgawo wa mwenye chombo hutolewa kwanza. Uvuvi wa omena unapofungwa kwa miezi kadhaa ya mwaka ili samaki wazaliane, karo ya shule haifungwi nao.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mbuta. Samaki huyu aliingizwa katika ziwa zama za ukoloni, na kufikia miaka ya 1980 na 1990 alikuwa bidhaa kubwa ya kuuzwa ng'ambo. Viwanda vilichukua mnofu, na kilichobaki, yaani kichwa na mifupa, kikauzwa kwa wenyeji kwa jina la mgongo wazi. Watu wanaoishi kando ya maji wakawa wananunua mifupa ya samaki wao wenyewe. Soko la ng'ambo liliwafikia mlangoni bila wao kuhama hata hatua moja.

Aidha, Sindo haiwezi kusomwa kama kijiji cha asili kisichoguswa. Waabasuba, ambao jina lao limebaki katika majina ya utawala wa eneo hili, ni wazao wa watu waliofika kwa kuvuka ziwa, na lugha yao ya Kibantu kwa sehemu kubwa imeipisha Kiluo. Bonde la Lambwe lililo nyuma ya Sindo lilikuwa kwa muda mrefu makao ya mbung'o, na walowezi wake wengi walifika baada ya mdudu huyo kupigwa vita. Hivyo basi, mahali ambapo riwaya ingepaita asili ni mahali pa uhamiaji wa zamani, penye hasara zake, ikiwamo hasara ya lugha.

Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, katika maji ya ziwa hilo hilo upande wa kusini, ndiye anayekaribia zaidi kuona hivyo. Katika Rosa Mistika (1971), anguko la Rosa linaandaliwa Namagondo, katika nyumba ya Zakaria, kabla ya Mwanza na Morogoro kulikamilisha. Katika Gamba la Nyoka (1979), kijiji kipya kinaundwa kwa amri, na wanaohamishwa wanapinga. Kwa Kezilahabi, kijiji si mahali pa kupumzikia. Pamoja na hayo, mkazo wake ni wa kifalsafa: anauliza maana ya maisha zaidi ya anavyouliza bei yake.

Mshahara wa mtu mmoja

Historia ya mishahara nchini Kenya inatoa ufunguo ambao uhakiki haujautumia vya kutosha. Kamati ya kuchunguza mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter na kutoa taarifa yake mwaka 1954, ilikiri kwamba kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimepimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na familia mjini, ikapendekeza mshahara ukuzwe hatua kwa hatua hadi utoshe mke na watoto. Maana ya ungamo hilo ni nzito. Kama mshahara ulimtosha mwanamume peke yake, basi mkewe, watoto na uzee wake vililipiwa na mtu mwingine. Aliyelipa ni mwanamke aliyebaki shambani. Jembe lake lilikuwa nyongeza ya mshahara ambayo mwajiri hakuitoa.

Katika mwanga huu, riwaya ya Kiingereza ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth (1986), inastahili kusomwa bega kwa bega na riwaya za Kiswahili zilizotajwa. Paulina, msichana Mluo wa miaka 16, anawasili Nairobi kwa gari la moshi mwaka 1956, miaka miwili tu baada ya taarifa ya Carpenter, amfuate mumewe Martin katika chumba cha Pumwani. Anapoteza mimba, anapotea njia katika mji ulio chini ya Hali ya Hatari, na anaporejea anapigwa. Mtu angetarajia kisa kifuate mkondo uliozoeleka: msichana aharibike, au arudi kwao. Macgoye hafuati njia hiyo. Paulina anapata mafunzo na kazi Kisumu, anampoteza mwanawe katika mauaji ya mwaka 1969 mjini humo, kisha anarudi Nairobi kufanya kazi ya nyumbani kwa mbunge. Kila hatua ya uhamiaji wake ina kazi yake, ujira wake na chumba chake. Uhuru wake unakua kadiri anavyojua anachoweza kulipia mwenyewe.

Tofauti hii haitokani na lugha iliyotumiwa. Inatokana na mahali mwandishi alipoiweka kamera yake: kwa mwanamke anayehama, ambaye mshahara wa mtu mmoja haukumhesabu kabisa.

Mwili na kaburi

Kuna gharama mbili ambazo riwaya huzitumia kuhukumu mji, nazo ni mwili na mauti. Kuhusu ya kwanza, F. E. M. K. Senkoro katika The Prostitute in African Literature (1982) alisaidia kumwondoa kahaba katika mahakama ya maadili na kumweka katika mahusiano ya kiuchumi. Mchango huo unapaswa kusogezwa mbele hatua moja. Kando ya ziwa, Sindo ikiwa miongoni mwa sehemu hizo, kumekuwapo mahusiano yaitwayo jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kumpa mvuvi mwili wake, juu ya fedha, ili apate samaki wa kuuza. Homa Bay imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi nchini, na biashara hii imetajwa mara nyingi kuwa moja ya sababu. Basi haiwezekani kuendelea kufundisha kwamba mwili huwa bidhaa pindi mtu anapovuka mpaka wa mji. Huwa bidhaa popote ambapo mwenye mahitaji hana chombo wala mtaji.

Kuhusu mauti, kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi Desemba 1986, ilifundisha taifa zima tofauti ambayo riwaya haikuwa imeitaja waziwazi. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia. Ukoo wa Umira Kager ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya, na Mahakama ya Rufani ikaupa haki hiyo Mei 1987. Kiini cha mabishano kilikuwa kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba mjini bila kuwa na dala, yaani boma la kwao. Kwa mtazamo huo, mhamiaji huishi na makao mawili na huyalipia yote mawili: kodi kwa mwenye nyumba, na michango, matanga na gari la kusafirisha maiti kwa ukoo. Hata Tom Mboya, aliyepata jina kwa kupigania wafanyakazi wa Nairobi, alizikwa Rusinga mwaka 1969, si mbali na Sindo. Mwandishi anapofunga riwaya yake kwa urejeo wa nyumbani, huwa amefika penye ankara nyingine, naye huifunga bila kuisoma.

Pingamizi na hitimisho

Yaweza kudaiwa kwamba riwaya si daftari la duka, na kwamba kijiji katika Shaaban Robert au Balisidya ni ishara ya jamii inayotamaniwa. Dai hili lina ukweli. Hakuna haja ya kumtaka mshairi wa utu atupe bei ya unga. Lakini ishara nayo ina watumiaji wake. Mwanafunzi wa sekondari aliyeko Sindo, ambaye mwakani atapanda basi la usiku kwenda Nairobi, husoma riwaya kama vitabu vya mtihani. Hufunzwa aandike kwamba mji hupotosha na kijiji huhifadhi. Akitazama nje ya dirisha la darasa humwona mama yake akisubiri mitumbwi ufukweni. Kuna hatari ajifunze kwamba fasihi huzungumzia watu wengine, au kwamba akishindwa mjini kosa ni la tabia yake, ilhali mshahara atakaoupata bado unaelekea kudhani kwamba mtu fulani nyumbani atamjazia pengo.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba uhakiki wa riwaya za uhamiaji uongeze maswali matatu kwa yale ya fani na maudhui yaliyozoeleka: nani anamlisha mhusika kabla hajapata kazi, nani anabeba mzigo wa wale aliowaacha, na urejeo wake unamgharimu nani. Maswali haya yataonyesha kwamba Shida ilianza vema kuliko ilivyomalizika, kwamba Namagondo ya Kezilahabi na Pumwani ya Macgoye zina ujirani ambao mitaala imeutenganisha kwa sababu ya lugha, na kwamba riwaya ya Kiswahili inayolihusu ziwa kwa bei zake, kuanzia gorogoro ya omena hadi mgongo wazi, ina nafasi kubwa iliyo wazi. Atakayeiandika hatalazimika kumtoa mhusika wake ufukweni ndipo aanze kuhesabu.