"Mtoto Amelala": Kosa Lisilo la Mwanafunzi

Muhula uliopita tulipewa kusahihisha karatasi za mtihani katika shule moja ya mjini Bujumbura. Swali la nne lilimtaka mwanafunzi afasiri kwa Kiswahili sentensi hii: "The child is sleeping." Msichana mmoja wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani, aliandika "Mtoto amelala." Karatasi ya majibu tuliyopewa ilisema "Mtoto analala." Kwa aibu twakiri kwamba tulimkata alama. Wino mwekundu ulikuwa umekwisha kukauka ndipo tukajiuliza: mgeni akibisha hodi kwa sauti kubwa, mama wa Buyenzi humnyamazisha kwa maneno gani? Humwambia, "Taratibu, mtoto amelala." Hatujapata kusikia jingine.

Asili ya kosa letu ni jedwali ambalo waalimu wenzetu walijua vema. Upande mmoja huandikwa -na-, na upande wa pili "am, is, are" pamoja na "-ing". Chini yake hufuata viunganishi: "and" ni na, "but" ni lakini, "because" ni kwa sababu, "when" ni wakati. Tangu mwaka 2007, nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, haja ya Kiingereza na ya Kiswahili imekua pamoja, na jedwali hili limepata heshima kubwa kuliko linavyostahili. Hatusemi kwamba halina faida. Kwa vitenzi kama kupika, kufagia na kuandika, jedwali lasema kweli: "She is cooking" ni anapika, na mtoto wa darasa la kwanza ataelewa kwa siku moja. Taabu huanza siku ya pili.

Tutazame basi la abiria. Likikaribia kituo na kupunguza mwendo, twasema "Basi linasimama." Likiisha kutulia, abiria wakashuka, twasema "Basi limesimama." Mwingereza naye husema "The bus is stopping", kisha "The bus is standing". Katika sentensi zote mbili ametumia "-ing", lakini amebadili kitenzi. Sisi tumeshika kitenzi kile kile tukabadili kiambishi. Ndivyo ilivyo kwa kuvaa: anavaa koti ni "is putting on", amevaa koti ni "is wearing". Ndivyo kwa kukaa, kulala, kuinama, kubeba, kushika. Vitenzi hivi vya Kiswahili hutaja kuingia katika hali fulani, na -me- hutuambia kwamba mtu amekwisha kuingia na yungali humo. Kiingereza huitaja hali yenyewe, kisha huinyosha kwa "-ing". Jambo hili si geni. E. O. Ashton alikwisha kueleza katika sarufi yake ya mwaka 1944 kwamba -me- huonyesha pia hali inayobaki baada ya tendo. Watunga majedwali hawana udhuru.

Tena mtoto wa Burundi ana msaada mwingine nyumbani. Kirundi husema yicaye, ahagaze, aryamye, kwa umbo la tendo lililokwisha, kama Kiswahili kisemavyo amekaa, amesimama, amelala. Lugha mbili zinamwongoza vema, kisha mwalimu anakuja na jedwali kumtoa njiani! Madhara huonekana pande zote mbili. Katika insha za Kiingereza mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -me- ni "has" siku zote huandika "The teacher has stood near the door", naye akikusudia kwamba mwalimu yupo pale pale mlangoni. Aliyefundishwa kwamba -na- ni "-ing" siku zote huandika "I am knowing" na "I am wanting water", maana Kiswahili kimemruhusu kusema ninajua na ninataka maji. Huandika pia "Every day I am going to school." Huyu wa mwisho angeokolewa na hu-. Angezoezwa kusema kila siku huenda shuleni, angepata daraja la kumfikisha kwenye "I go". Lakini hu- haimo katika jedwali.

Hapa tutasema neno ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji. Ng'ambo ya mpaka, Uvira na Bukavu, watu husema "niko nasoma" wanapokuwa katikati ya kusoma. Waalimu wengi hukicheka Kiswahili hicho. Hatushauri kiandikwe katika mtihani. Walakini "niko" na "nasoma" zikiwekwa kando ya "I am" na "reading", hakuna mfano ulio karibu zaidi. Mwanafunzi mwenye lugha hiyo mdomoni yatupasa kumwonyesha kwamba tayari anao ufunguo, badala ya kumwaibisha mbele ya wenzake.

Viunganishi navyo vina kisa chao. Jedwali lasema "and" ni na. Basi watoto wetu huandika "Aliamka na alioga na alikula na alikwenda", sentensi isiyo na uhai. Mzee yeyote asimuliaye angesema aliamka, akaoga, akala, akaenda. Kiambishi -ka- ndicho kiunganishi chetu hapo, ingawa hakisimami peke yake kama neno. Kadhalika -ki-: "We found him reading" ni tulimkuta akisoma, na hapo "-ing" imeangukia mahali ambapo jedwali halikutazamia. Mvua ikinyesha yaweza kuwa "if" au "when". Kiswahili hutuachia tuamue kwa muktadha, na Kiingereza hudai tuchague kabla ya kufungua kinywa. Uchaguzi huo wafaa ufundishwe kama somo zima, si kama mstari mmoja ukutani. Na ingawa? Katika Kiswahili imezoeleka kusema "Ingawa ni mgonjwa, lakini amekuja." Kiingereza hakikubali "although" na "but" katika sentensi moja ya namna hiyo. Mwanafunzi hukosolewa miaka nenda miaka rudi bila ya mtu kumweleza mazoea hayo ameyatoa wapi.

Sisi tumeliondoa jedwali darasani mwetu. Somo la kwanza la "-ing" sasa twalifanyia uani. Mtoto mmoja huwa basi, wengine huwa abiria, na darasa hutaja kila hatua kwa lugha zote mbili: linakuja, linasimama, limesimama. Kelele ni nyingi, na jirani yetu wa hesabu amekwisha kulalamika mara mbili.

Msichana wa Buyenzi tulimrudishia alama yake. Kisha tukatazama swali la tano katika karatasi zile zile: "The teacher is standing near the door." Watungaji walitaka "anasimama". Wanafunzi 18 walikuwa wameandika "amesimama", na wote 18 tulikuwa tumewakata.