Ufundi wa Kutoa Siku

Mzigo wa Garsen huondoka Mombasa alfajiri, huvuka Mtwapa na Kilifi, huipita Malindi, na kabla ya jua kuchwa huwa umeshafika dukani, mambo yakienda sawa. Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Wapo watu ambao kazi yao ni kuyapima. Mteja anauliza mabati yake yatafika lini, nao wanatakiwa wamtajie siku moja kisha waisimamie. Kwangu mimi huo ni ufundi kamili, na nimezidi kuupenda tangu nilipoelewa jinsi programu za biashara zinavyoufanya.

Anayeuliza "lini?" pale Garsen ana mengi yaliyofungwa kwenye jibu. Kuta zake zimeshasimama, fundi wa kuezeka ameshakataa kazi nyingine kwa ajili yake, na masika hayako mbali. Akiambiwa "Alhamisi, bwana, usiwe na wasiwasi," atamwita fundi Ijumaa. Alhamisi ikipita patupu, fundi atalipwa kwa kukaa, au ataondoka kwenda kushika kazi Tarasaa, na mvua ya kwanza itazikuta kuta za udongo ziko wazi. Muuzaji aliyesema Alhamisi hakuwa na nia mbaya. Alichungulia stoo, akaona mabati yamepangwa hadi juu, akajibu alichokiona.

Programu haitosheki na kinachoonekana. Tuseme leo ni Jumatatu na stoo ya Mombasa ina mabati 200. Mteja wa Garsen anataka 100. Lakini 150 kati ya hayo yameshaahidiwa mtu mwingine na yanatoka kesho, kwa hiyo yaliyo huru ni 50. Jumatano yanaingia 120 kutoka kiwandani. Sasa yaliyo huru ni 170, na muuzaji mwenye haraka angekata risiti papo hapo. Programu haikomei Jumatano. Inaendelea mbele, inakuta kwamba Ijumaa kuna mteja wa Malindi aliyeahidiwa 90. Mtu wa Garsen akipewa 100 Jumatano, Ijumaa yatabaki 70, na yule wa Malindi atapewa visingizio. Basi katika yale 170, ya kuahidi kwa haki ni 80 tu. Hesabu inasonga hadi Jumatatu ya pili, yanapoingia 60 zaidi, na hapo ndipo 100 ya Garsen yanapopatikana bila kumnyang'anya mtu. Siku moja ya kufunga na kupakia, siku moja ya njiani: Jumatano ya wiki ijayo.

Naikalia hesabu hii kwa sababu ndani yake mna uadilifu. Ahadi ni deni, twasema, na mara nyingi twalisema hilo wakati ahadi imeshavunjwa. Hapa deni linaandikwa saa ile ile ahadi inapotolewa. Mabati ya mtu wa Malindi bado yamo stoo, unaweza kuyagonga kwa mkono yakalia, lakini katika hesabu hayamo tena. Mteja ambaye hayupo kaunta, asiye na wa kumsemea, amesemewa na mstari wa tarakimu.

Mawazo haya yana umri. Mwaka 1975 Joseph Orlicky, aliyekuwa akifanya kazi IBM, alichapisha kitabu cha kupanga mahitaji ya viwanda kwa kompyuta: nini kipo, nini kinakuja, nini kimeshatakiwa, na kila kimoja kwa siku yake. Programu ya Navision, iliyobuniwa Denmaki katika miaka ya 1980 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2002, iliyashusha mawazo ya aina hiyo hadi kwenye biashara za kadiri. Katika oda moja huwekwa siku aliyoomba mteja, siku ya kutoka stoo, siku ya kuondoka, siku ya kufika, na siku iliyoahidiwa. Mtu wa kawaida angeziona tarehe hizo kuwa ni kitu kimoja. Aliyezitenganisha aliwahi kusubiri mzigo, naamini hivyo.

Uzuri mwingine ni kwamba hesabu hiyo huenda pia kinyumenyume. Nimesimama nyuma ya kaunta katika duka moja la Garsen nikimtazama binti anayepokea oda. Mzee mwenye shamba Ozi alitaka pampu ya maji.

"Mwanangu, nataka iwe imefika kabla ya Idd."

"Babu, mwezi ukionekana Idd ni siku moja, usipoonekana ni siku ya pili yake. Tuhesabu ile ya mapema?"

"Hesabu ya mapema, mama. Ikichelewa Idd, pampu haidhuriki."

Akaingiza siku ile aliyoomba mzee. Programu ikatoa siku za njiani, ikatoa siku ya kufungasha, ikaruka Jumapili ambayo stoo ya Mombasa haifunguliwi, ikatua kwenye siku ambayo pampu lazima itoke. Siku hiyo ilikuwa bado mbele. Ingekuwa imeshapita, mzee angejua pale pale, mkono ukiwa bado mfukoni, kwamba atafute kwingine. Kumwambia mtu mapema kwamba haiwezekani nako ni kumheshimu.

Lakini muda wa njiani ni nambari ambayo mtu ameiandika, na programu huipokea kama ilivyo. Nambari hiyo ina historia. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, lori la kaskazini lilisubiri feri, na aliyeahidi siku aliiahidi pamoja na foleni. Tena nambari moja haiwafai wote. Barabara ya Lamu inaachana na ya Garissa pale Minjila, inapita Garsen, inavuka Mto Tana kuelekea Gamba na Witu. Kwenye ramani Garsen na Gamba ni majirani. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipofurisha Tana, barabara ya Lamu ilikatika upande wa Gamba. Aprili na Mei 2024 mafuriko yakarudi, na huko juu barabara ya Garissa ikazama pale Madogo. Lori la simiti likikwama mahali kama hapo, hasara si ya muda tu, kwa maana simiti ikila unyevu huganda ndani ya mfuko. Kwa hiyo karani anayeijua kazi yake humwandikia kila mteja muda wa njia yake mwenyewe, na huugusa tena msimu unapogeuka.

Anayeishi ukingoni mwa Tana ana jambo la kumfundisha anayeandika programu. Mvua inayoizamisha Garsen mara nyingi hainyeshi Garsen. Hunyesha Mlima Kenya na Nyandarua, hujaza Masinga, bwawa lililokamilika mwaka 1981, humwagika kupitia Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha maji husafiri siku kadhaa, yakapita Garissa na Hola, ndipo yakatandaa kwenye delta. Garsen jua linawaka, anga halina doa, na mto unapanda. Mto nao una muda wake wa njiani. Redio ikitangaza kwamba Masinga imejaa na wanaoishi chini wahame, karani hodari husikia ndani ya tangazo hilo idadi ya siku. Anazifungua anwani zote za ng'ambo ya mto na kubadilisha nambari kabla ya kupokea oda mpya hata moja. Hakuna programu ninayoijua inayomfanyia kazi hiyo bila mtu kuielekeza, na sioni kwamba ni aibu kwa programu. Imemwachia nafasi ya kuandika anachokijua.

Oda zilizokwisha kuahidiwa ndizo ngumu. Anaitaka programu imwonyeshe zote zinazovuka Tana, nayo inamtolea orodha iliyopangwa kwa tarehe. Yeye haifuati. Anaanza kuwapigia waliokwisha kumwita fundi, kwa maana hao hulipa kila siku inayopita. Halafu wenye simiti, waamue kama ishushwe Garsen mahali pakavu au ibaki Mombasa. Wa rangi na misumari anawaacha hadi mchana. Kila anayekubali, siku mpya huandikwa kando ya ile ya kwanza, na ile ya kwanza haifutwi. Masika yakiisha, yeye na mwenye duka hukaa na safu hizo mbili, wakasoma kituo kwa kituo, Minjila, Garsen, Gamba, Witu, Kipini, na kuandika nambari watakazoanza nazo mwaka unaofuata.