Kuujua msimbo mzuri kwa maji ya bamvua

Programu ya kukokotoa maji ya bahari ni kipimo kizuri cha fundi wa lugha za safu, yaani APL, J, BQN, au Python ikiwa na NumPy. Hesabu yenyewe ni fupi, namba zake ni nyingi, na jibu halifichiki: mama wa Kigombe, pwani ya Tanga, anayekwenda mwambani kuchokoa pweza atajua siku hiyohiyo kama umekosea.

Tuanze na maji. Pwani ya Tanga hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mzunguko mkubwa ni wa mwezi, unaorudi kila baada ya saa 12.42. Wa jua hurudi kila baada ya saa 12. Miwili hii hukutana kila siku 14.77, mwezi unapoandama na unapopevuka, ndipo bamvua. Ikipingana, ni maji mafu. Kuna na mingine midogo, na wakokotoaji wa Marekani kwa kawaida hutumia 37 kwa jumla. Kila mzunguko una kimo chake, kasi yake na mahali unapoanzia. Jumlisha kosini zake zote kwa dakika unayoitaka, umepata kimo cha maji.

Sasa mtazame fundi anavyoanza. Kenneth Iverson, Mkanada aliyechapisha kitabu cha APL mwaka 1962, alitufundisha kuitaja safu nzima kwa jina moja na kuitendea kazi yote kwa mkupuo. Basi fundi wa kwanza huweka dakika zote za mwaka, 525,600, upande mmoja, mizunguko 37 upande wa pili, akazidisha kila moja kwa kila moja. Mstari mmoja tu! Wengi huishia hapo na kupiga kifua. Mimi simpi alama nyingi. Jedwali alilolizaa lina visanduku 19,447,200, kila kimoja baiti 8, karibu megabaiti 156 zinazotupwa mara tu jumla ikipatikana. Kwenye laptopu nzuri hutaona kitu. Kwenye simu ya bei nafuu, ambayo ndiyo kompyuta ya watu wengi wa pwani, mfumo utaifunga programu kabla haijamaliza. Mstari kuwa mfupi si dalili ya ufundi.

Fundi wa pili hupita mzunguko mmoja baada ya mwingine, akijumlisha ndani ya safu moja ya megabaiti 4.2. Wapo washika dini wa lugha hizi watakaomlaumu kwa kutumia kitanzi. Wasisikilizwe. Kitanzi kinachozunguka upande mfupi, mara 37, si aibu hata kidogo. Upungufu wake ni mwingine: bado anaiomba prosesa kosini milioni 19.

Fundi ninayemtafuta ni wa tatu, na kazi yake utaitambua kabla hata ya kuiendesha, kwa sababu ameibadilisha sura ya mwaka. Hauoni tena kama mstari mrefu wa dakika. Anaukunja uwe jedwali la siku 365 kwa dakika 1,440. Kisha anakumbuka hesabu ya sekondari: kosini ya jumla ya pembe mbili hupatikana kwa kosini na sini za kila pembe peke yake. Pembe ya siku inakaa upande wake, ya dakika upande wake. Kila mzunguko unadai safu mbili, moja ya kosini na moja ya sini, hivyo jedwali la siku lina nguzo 74 na la dakika lina mistari 74. Ukihesabu, kosini na sini zote pamoja ni 133,570 badala ya milioni 19. Kinachobaki ni kuzidisha jedwali kwa jedwali: kuzidisha na kujumlisha mara milioni 39 hivi, kazi ambayo prosesa yoyote huipenda.

Hapo ndipo suala la programu kukimbia kwenye mashine mbalimbali linapojibiwa, tena bila kelele. Kuzidisha majedwali kuna maktaba zake zilizonolewa kwa miaka, kama OpenBLAS, ambayo inazijua prosesa za Intel na za ARM. Fundi wetu hakuandika neno hata moja la kuuliza yuko kwenye mashine gani, na bado programu yake inakimbia kotekote. Mlinganishe na yule anayeandika amri za AVX2 za prosesa za Intel kwa mkono: laptopu inashughulikia namba nne za biti 64 kwa pamoja, naye anafurahi, hadi aupeleke msimbo kwenye simu ya ARM yenye NEON, inayobeba mbili tu na isiyozijua amri zake kabisa. Kazi hiyo ni ya watengenezaji wa lugha. Wale wa CBQN, programu inayoendesha BQN, wameifanya ndani kwa ndani, ili mtumiaji asiiguse.

Sura nzuri hurahisisha na maswali yanayofuata. Chukua Maziwe, mbele ya Ushongo na Pangani, ambayo ni hifadhi. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Ukikijua kimo cha fungu lenyewe, unalinganisha jedwali zima nacho, unapata sifuri na moja, unachagua nguzo za mchana, unajumlisha kila mstari: tayari una dakika za kutembelea fungu kwa kila siku ya mwaka. Dyalog APL huhifadhi kila sifuri na moja kwa biti moja, hivyo jedwali hilo ni baiti 65,700. NumPy huchukua baiti nzima kwa kila moja, 525,600. Ni vyema kujua. Si jambo la kukosesha usingizi.

Linalonishughulisha zaidi ni kosa linalozaliwa wakati wa kuihamisha programu kutoka laptopu hadi simu. Mtu anapunguza namba zake za desimali ziwe za biti 32 ili simu ifanye kazi upesi, huku akihesabu dakika tangu mwaka 1970. Namba hizo hutofautisha namba kamili zinazofuatana hadi 16,777,216 tu, na dakika zilishapita hapo mwaka 2001. Sasa dakika mbili jirani zinakuwa moja, na mchoro wa maji unapanda kwa ngazi. Angeanza kuhesabu Januari mosi ya mwaka husika, asingeliona tatizo hilo. Kinyume chake yupo mkaguzi anayedai laptopu na simu zitoe jibu linalolingana hadi tarakimu ya mwisho. Hazitatoa, kwa kuwa zinajumlisha kwa mpangilio tofauti. Weka kiwango cha kuvumilia. Milimita haimzuii mtu kwenda baharini.

Mwisho tazama saa. Mvuvi wa Sahare, Tanga, hataki kusoma 03:40, anataka saa tisa na dakika arobaini usiku. Saa ya mfumo wa 24 ikiwa H, kwa APL ni 1+12|H-7, kwa Python ni 1+(H-7)%12, na zote mbili zinasema kweli, kwa kuwa baki yake haiwi hasi. Uchukue mstari huo wa Python, herufi kwa herufi, uupeleke kwenye C: mchana kutwa uko sawa, lakini saa sita usiku inageuka kuwa hasi sita, na saa kumi na mbili alfajiri inakuwa sifuri. Aliyeijaribu programu ofisini baada ya chai ya asubuhi hakuona kasoro yoyote. Wewe ijaribu kwa saa ambazo mashua zinatoka.