Ufundi wa Kurudi Nyuma

Hapa Gazi, Kwale, simu ndiyo benki. Mama anayeuza samaki analipwa kwa M-Pesa huku WhatsApp iko wazi, kamera iko wazi, na ukurasa wa habari aliousahau tangu asubuhi bado unangoja. Simu za bei nafuu zina kumbukumbu finyu, na ndani ya kila simu ya Android mna kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ile aliyoanza kuiandika Linus Torvalds kule Helsinki mwaka 1991. Kumbukumbu ikibana, programu zilizolala nyuma zinazimwa na ile ya malipo inaendelea. Mama hana habari. Waliofanya asiwe na habari ndio ninaotaka kuwasifu.

Programu ya kawaida ikikosa kumbukumbu yaweza kujifia, mwenyewe akaifungua upya. Kerneli haina ruhusa hiyo, kwani ikianguka, simu nzima imeanguka pamoja na chochote ambacho hakijaandikwa kwenye hifadhi. Basi kila inapoomba kumbukumbu, mwandishi wake hana budi kuuliza: nimepewa au nimenyimwa?

Kuuliza ni rahisi. Kazi iko kwenye kurudi. Tuseme dereva ya kamera, yaani programu inayoiendesha, imepata kumbukumbu ya kuwekea habari zake, imewasha umeme wa kifaa, imejiandikisha kupokea ishara zake, kisha ombi la mwisho, la nafasi ya picha, limekataliwa. Sasa yote yatenguliwe kinyumenyume, kama jahazi linavyopakuliwa: kilichopakiwa mwisho hutoka kwanza. Ishara zifutwe, umeme uzimwe, kumbukumbu irudishwe, ndipo jibu la ENOMEM, yaani kumbukumbu haitoshi, lipelekwe kwa aliyeomba. Ukirudisha kumbukumbu kabla ya kufuta ishara, ishara moja itaingia ikute mwenye nyumba kahama. Kwa lugha ya C kazi hii hufanywa kwa goto, amri ya kurukia penye lebo, ambayo walimu wengi huwakataza wanafunzi. Mimi naiona nzuri mno pale: mwishoni mwa msimbo lebo zimepangana, kila moja ikitengua hatua moja na kuiachia ya chini yake.

Na njia hii ya kurudi karibu haipitiwi kamwe. Mwishoni mwa mwaka 2014 watengenezaji wa Linux walijadiliana kwa kirefu jambo ambalo wengi wao hawakulijua: ombi la kawaida lisilozidi kurasa 8 za kumbukumbu, yaani kilobaiti 32 kwa kurasa za baiti 4096, kwa kawaida halikataliwi. Kerneli huzunguka ikitafuta, hata ikaua programu fulani, mradi ombi litimie. Wapo wanaouliza, basi kwa nini tujisumbue kuandika njia ya kurudi? Siwakubalii. Kanuni za ndani hubadilika, na siku njia hiyo itakapopitiwa, simu itakuwa tayari imeelemewa.

Lililonivutia zaidi ni la hifadhi. Kumbukumbu ikijaa, kerneli huandika baadhi ya yaliyomo kwenye hifadhi ili ipate nafasi, lakini kuandika kwenyewe kunahitaji kumbukumbu kidogo. Ikiikosa hiyo kidogo, mambo yote yanakwama. Mafundi waliliona hili mapema, wakaweka akiba ndogo inayotengwa tangu mwanzo na isiyoguswa kwa shughuli nyingine. Huo ndio ustadi wa juu: kuomba kabla ya kuanza, ili katikati ya safari usiwe na la kuomba.

Tangu toleo la 2.6.20, la Februari 2007, Linux ina chombo cha kukataa maombi kwa makusudi, kiitwacho failslab, ili fundi aione njia ya kurudi ikipitiwa angali mezani pake.

Vijana wa Kwale mnaosomea kompyuta, msimbo huo uko wazi kwa kila mtu bila malipo. Chagueni dereva moja, muisome kuanzia lebo za chini kwenda juu. Kisha washeni failslab, mjaribu ya kwenu.