Kombi Kuukuu na Waandishi Wake

Vitabu vya watu wanaosafiri na kulala ndani ya magari madogo ni vingi, na vingi vina kasoro moja: gari haliharibiki ila pale mwandishi anapohitaji kisa. Pancha inatokea ili mtu mwema wa gereji apate kuingia ukurasani. Injini inazimika karibu na mji wenye mzee wa hekima. Halafu safari inaendelea, na hatuambiwi nani alilala chini ya gari, kwa saa ngapi, wala kwa pesa ngapi.

Ndiyo maana kitabu ninachokiweka mbele ya vyote katika rafu hii si cha safari. Ni kitabu cha ufundi, How to Keep Your Volkswagen Alive, kilichotoka Marekani mwaka 1969. Mwandishi wake, John Muir, alikuwa mhandisi aliyeacha ajira akaenda kutengeneza Volkswagen za watu, na anaahidi kwamba hata mjinga kamili atafundishika. Jina la kitabu halisemi litembee au lifanye kazi. Linasema gari libaki hai, na kurasa zinazofuata zinalichukua neno hilo kwa uzito wake wote.

Kombi tunaijua. Afrika Mashariki imeiona ikibeba abiria, mikate, waombolezaji, na watalii waliosimama kuchungulia simba kupitia paa lililoinuliwa. Kiwanda kilianza kuitoa mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia, hukohuko Ujerumani, ikaanza kuifanya nyumba: kitanda kinachokunjwa, kabati, meza, baadaye jiko na paa la turubai la kupandisha. Ni nyumba ya hatua tatu. Mtu anageuka kutoka usukani, tayari yuko jikoni; akigeuka tena, yuko kitandani. Na injini iko nyuma, chini ya godoro karibu, ikipozwa kwa upepo, bila rejeta wala maji. Hili la injini chini ya godoro si jambo dogo. Ina maana kwamba mwenye nyumba analala juu ya kitu kinachomdai.

Muir anakijua hicho kinachodai. Anamtaka msomaji ayasome maelekezo ya kazi nzima mpaka mwisho kabla hajagusa spana. Anamtaka asikilize, anuse, aguse, kabla ya kufungua chochote. Michoro ya Peter Aschwanden inaifungua injini kama samaki mezani, kila mfupa mahali pake, na bado ina ucheshi. Toleo la mwanzo lilifungwa kwa waya wa mzunguko ili kitabu kilale wazi sakafuni kando ya mtu mwenye mikono ya oili. Muir pia anaamini kwamba hatima ya gari na ya mwenyewe zimefungwa pamoja; mambo ya zama zile, mtu anaweza kucheka. Lakini imani hiyo inamlazimisha kuandika kwa adabu ambayo vitabu vya viwandani havina. Hamdharau asiyejua, na hamfichi kwamba kazi ni ngumu.

Chukua vali. Katika injini hii nafasi ya vali hupimwa na kurekebishwa kila baada ya maili 3,000, yaani kama kilomita 4,800. Iliyolegea hupiga kelele, tik-tik-tik, na kila mtu barabarani huisikia. Iliyokaza hukaa kimya kabisa, haifungi vizuri, moto unapita, inaungua, na siku moja kichwa chake kinakatika na kuivunja injini. Kwa hiyo dereva anayefurahi kwamba injini yake imekuwa tulivu kuliko jana huenda anafurahia msiba. Na silinda ya tatu ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu katika injini za zamani kipoza oili kimesimama kwenye njia ya upepo wake. Mambo haya ni ya kifundi tu. Ila niambie ni kitabu gani cha safari kilichowahi kumtia msomaji hofu ya ukimya wa namna hiyo.

Steinbeck hakuweza. Alipoizunguka Marekani mwaka 1960 na mbwa wake Charley, gari lake lilikuwa jipya, limeundwa kwa agizo lake. Tairi zilimpasukia Oregon, Jumapili, mvua ikinyesha, na mwenye kituo cha mafuta akamhangaikia mpaka zikapatikana nyingine. Kisa kitamu, lakini ni cha mtu mwenye pesa ya tairi. William Least Heat-Moon alikaribia zaidi. Mwaka 1978, akiwa amepoteza kazi ya ualimu na ndoa ikiwa imevunjika, aliondoka na Ford ya mwaka 1975 aliyoigeuza mwenyewe kuwa chumba. Katika Blue Highways anatuambia mapema kwamba tairi mbili za nyuma zimekwisha na pampu ya maji inagonga. Hapo nilikaa vizuri kitini. Mtu anayeanza safari ya maili 13,000 na pampu inayogonga ana siri na msomaji wake. Lakini moyo wa Heat-Moon uko kwa watu wa vijijini na majina ya miji, si kwenye boneti, na ubovu kwake unabaki wasiwasi wa barabarani kuliko kazi ya mikono.

Waliofanya jambo la ajabu zaidi na Kombi ni wawili, Julio Cortázar na mkewe Carol Dunlop. Mwaka 1982 walitoka Paris kwenda Marseille kwa barabara kuu, mwendo ambao watu huumaliza kwa siku moja. Wao walijiwekea sheria: wasitoke kwenye barabara hiyo mpaka mwisho, wasimame katika vituo viwili vya mapumziko kila siku, na walale katika cha pili. Safari ikachukua zaidi ya mwezi. Kombi yao nyekundu waliiita Fafner, jina la joka katika opera ya Wagner, na kitabu chao, Los autonautas de la cosmopista, kinaigiza uzito wa wavumbuzi wa zamani: kumbukumbu za kila siku, joto la hewa, chakula, picha za vyoo na mapipa ya taka. Rafiki zao waliwaletea vyakula njiani kama meli inayopelekewa maji.

Wakosoaji huusifu mchezo huo, na mchezo ni mzuri kweli. Mimi navutwa na jambo lingine. Wote wawili walikuwa wagonjwa. Dunlop alifariki Novemba mwaka huohuo, kabla kitabu hakijatoka. Cortázar akamalizia peke yake, naye akafariki Februari 1984. Ukisoma ukijua hivyo, ule mwendo wa kobe unabadilika sura. Hawakuwa wakiichezea barabara tu. Walikuwa wakinunua siku, na Kombi kuukuu ndiyo iliyokuwa sarafu yao. Gari la kasi lisingewafaa hata bure. Katika kurasa zote nilizosoma juu ya magari ya aina hii, hapo ndipo thamani inapotajwa kwa kipimo kisichofanana na bei, na wala hawahubiri.

Bei yenyewe imekuwa kichekesho. Kombi za miaka ya sitini, zile za kioo cha mbele kilichogawanyika na madirisha mengi, zimewahi kuuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 200,000. Wanunuzi hutaka namba ya injini iwe ileile ya kiwandani, rangi iwe ya asili, kitambaa cha viti kisiwe kimeguswa. Maana yake ni kwamba gari lililotumika kidogo na kutengenezwa kidogo linashinda lile lililolaza watu kwa miaka hamsini na kuchomelewa mara tano. Jasho la Muir, kwa hesabu ya mnada, ni doa. Brazil waliendelea kuitengeneza mpaka Desemba 2013, ikasimamishwa kwa sababu ya masharti mapya ya mifuko ya hewa na breki. Huko ilikuwa gari la kazi mpaka siku ya mwisho, na hakuna aliyekuwa anahesabu madirisha.

Hesabu ya bima nayo ni nyepesi: matengenezo yakizidi bei ya gari, gari limekufa. Jambo hili ndilo linalobeba sehemu bora ya Nomadland, filamu ya Chloé Zhao iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Fern, mjane anayeishi ndani ya van kuukuu na kuhama akifuata vibarua, anaambiwa gereji kwamba matengenezo yatazidi dola 2,000, na kwamba kwa umri wa gari ni heri pesa hiyo aitie kwenye lingine. Ushauri ni wa haki. Fundi hakumwibia wala hakumdanganya. Lakini kwa Fern hilo si gari la kulinganishwa na jingine. Analala humo, amejenga kabati zake humo. Wawili wanazungumzia kitu kimoja chenye thamani mbili, na hakuna mwenye kosa. Zhao ameielekeza vizuri mno, bila muziki wa kulazimisha machozi.

Kinachofuata kinaniudhi. Fern anakwenda kuomba pesa kwa dada yake, tunapata mazungumzo ya kifamilia, kisha gari linarudi barabarani. Ukarabati wenyewe hauonekani. Filamu inayopenda sana mikono, mikono inayopakia maboksi, inayosafisha vyoo, inayovuna viazi-sukari, inaikosa mikono muhimu kuliko yote. Kitabu cha Jessica Bruder cha 2017, ambacho filamu imetokana nacho, ni kikali zaidi juu ya kazi za ghalani na miili ya wazee inayoumia, na Bruder mwenyewe alinunua van akaishi humo ili aelewe. Hata hivyo Zhao anajikomboa mahali pamoja. Fern anapata pancha nyikani, hana tairi la akiba, anakwenda kugonga mlango wa jirani yake Swankie, ambaye katika filamu anajiigiza mwenyewe. Bibi huyo anamkaripia: huku mtu anaweza kufa, ni lazima ujue kubadili tairi. Hilo ndilo somo la Muir, limesemwa na mama mtu mzima kwa nusu dakika.

Muir naye ana mapengo. Moyo wake uko kwenye injini, na Kombi kuukuu haziuawi sana na injini. Zinauawa na kutu: kwenye kingo za chini, kwenye matao ya magurudumu, chini ya kioo cha mbele, kwenye bati linalobeba betri. Unaweza kuwa na vali zilizopimwa kwa unyoya na sakafu unayoweza kuipenya kwa bisibisi. Adui wa pili ni mipira ya mafuta. Ikizeeka hupasuka, petroli inadondokea injini ya moto, na nyumba nzima inateketea kwa dakika chache. Mita moja na nusu ya mpira mpya ingetosha kuiokoa. Na kuhusu ile nusu ya gari ambayo ni nyumba, turubai linalovuja, jiko la gesi, ubao uliovimba kwa maji, msomaji wa Muir atalazimika kutafuta mwalimu mwingine.

Kwetu mwalimu huyo hakai kitabuni. Ujuzi wa Kombi ulipita kutoka kwa fundi kwenda kwa spana boi chini ya mwembe, kwa kushika tochi na kufokewa. Muir alimwandikia mtu mpweke, asiyemwamini fundi au asiyemmudu. Spana boi hakuwa mpweke hata siku moja. Nimewahi kujaribu kufikiria kitabu hiki kwa Kiswahili, na kikwazo changu hakikuwa istilahi. Maneno tunayo: gari linakula oili, linamisi, linachemsha, nati imekufa, injini inagonga. Kikwazo ni lile jina la mjinga kamili. Kwa Kiingereza cha Muir ni utani wa mtu anayejihesabu ndani. Kwa Kiswahili "mjinga" anaonyeshwa kidole. Fundi mzee angesema "kijana wangu", na bila kubadilisha kitu kingine sauti ya kitabu kizima ingekaa sawa. Ningeanza na sura ya vali, kwa sababu inataka injini iliyopoa kabisa: saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai, kijana wangu, na usiwashe kitu.