Chungu cha Kabila Zima?

Sisi wa Kwashemshi chungu tumekizoea jikoni. Kukikuta ndani ya kabati la kioo kunashangaza kidogo.

Mgala muue na haki umpe. Nairobi, tangu 1971, wapo watu wa kujitolea wa Kenya Museum Society. Wanawatembeza wageni makumbusho, na wanaandaa maonyesho ya kuuza picha kwa bei nafuu. Mchoraji anapata fungu lake, makumbusho fungu lake, na jina la mchoraji linajulikana.

Lakini mfinyanzi je? Usambaani kazi hiyo ni ya wanawake. Makumbusho mengi yanaandika tu: "Chungu, Wasambaa." Hivi kabila zima lilikaa chini likafinyanga?

Sisi makumbusho ya karibu ni Urithi, ndani ya Boma la Wajerumani mjini Tanga. Kina mama wetu, wanaochangiana harusini na msibani, nao waunde kikundi cha kuyasaidia. Ila wasiende kufagia na kupikia wageni chai tu. Waende kusema: hiki alifinyanga fulani, binti fulani. Asiyetajwa leo, kesho ataambiwa hakuwepo.